Kwanini mfanyakazi ndio anakuwa wa mwisho kujua mambo ya ofisini kwake?

#1 Msafiri wa Mbagala
Wakuu habari za jioni.

Nafanya kazi kiwandani hapa Dar, upande wa uzalishaji, nasimamia shifti. Kila fundi mzuri akiacha kazi tunaambiwa kafuata mshahara. Mimi sikubaliani. Hawa watu nashinda nao, nakula nao, nasikia wanachoongea getini wakisubiri daladala. Kinachowavunja moyo ni kuambiwa mwisho. Habari ya kupunguza watu inaanzia kwa dereva wa bosi, inapita kwa mama ntilie wa nje, inafika kwa walinzi, sisi wenye ajira zetu tunakuja kuipata ikishachacha.

Mfano wa karibuni ni chai ya saa nne. Miaka yote tunapewa chai na chapati mbili. Siku hiyo watu wanaingia kantini wanakuta karatasi imebandikwa na selotepu juu ya dirisha la mpishi, mstari mmoja tu, kuanzia leo huduma ya chai imesitishwa, chini yake neno Menejimenti. Hakuna sahihi, hakuna sababu, hakuna wa kumuuliza, mpishi mwenyewe alikuwa anaisoma na sisi. Wiki hiyo mashine zilianza kuzingua ovyo, mtu anaenda msalani harudi, mzigo wa Ijumaa ukatoka Jumatatu. Hakuna aliyegoma wala aliyepiga kelele, watu waliondoa moyo tu kwenye kazi.

Kwahiyo nasema hivi, kutoambiwa mambo kunafukuza wafanyakazi kuliko mshahara mdogo. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kichwa Maji
Napinga mapema kabisa. Mshahara kwanza mkuu. Nipe milioni mbili halafu usinisemeshe mwaka mzima, nitakuja kazini naimba. Hayo ya kuambiwa ni stori za watu ambao tumbo limeshashiba.

#3 Bibie Nyota
Nimekaa siti ya mbele, endeleeni.

#4 Afisa Watu
Mimi ni HR, naomba mnisikilize kabla ya mawe. Mnadhani sisi tunaficha. Mara nyingi hata HR anaitwa Alhamisi jioni anaambiwa kesho barua zitoke, na anaonywa ole wako zivuje. Bosi anaogopa akisema mapema wale wazuri ndio watawahi kuondoka, wabaki wasio na pa kwenda, na stoo nayo ianze kupungua usiku. Halafu kuna jambo hamlijui, kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa pale DSE haziwezi kusema kila kitu kwa wafanyakazi. Taarifa ya kuweza kutikisa bei ya hisa ukiimwaga kantini kabla haijatangazwa, mtu akakimbia kuuza hisa zake, hilo ni kosa tangu sheria ya masoko ya mitaji na dhamana ya 1994. Msitulaumu tu.

#5 Msafiri wa Mbagala
@Afisa Watu nimekuelewa kwenye hisa. Sasa chapati mbili zinatikisa bei ya hisa gani?

#6 Bibie Nyota
😂😂 Afisa Watu njoo ujibu.

#7 Afisa Watu
Ya chapati siwezi kuitetea. Aliyeandika ile karatasi alitakiwa aje kantini mwenyewe asimame aseme. Ila kaeni mkijua kuna mameneja wanaogopa kusimama mbele ya watu mia na kitu wakaulizwa swali wasilokuwa na jibu, hiyo ndio sababu kubwa ya karatasi. Ni uoga. Kiburi huwa kinakuja baadaye.

#8 Sista wa Wodi Namba Tano
Mnaongelea viwanda, njooni serikalini muone. Mimi ni nesi. Mwaka 2022 Rais alitangaza siku ya Mei Mosi watumishi wote tunaongezwa asilimia 23.3, wodi nzima tulipiga vigelegele, watu wakakopa, mmoja aliweka oda ya kitanda kwa fundi. Julai salari slipu zinatoka, mwenye elfu kumi na kitu yupo, mwenye ishirini yupo. Ile siku sitakaa niisahau, hakuna mtu alikuwa anaongea na mtu. Sasa @Kichwa Maji hiyo ni nyongeza, hela iliongezeka kweli, na bado watu walinuna kuliko miaka ambayo hawakuongezwa kabisa. Hebu nielezee hapo.

#9 Karani Mkuu
Dada nakurekebisha kidogo maana hapa ndipo tatizo lenyewe lilipo. Mei Mosi ya 2022 Dodoma asilimia haikutajwa. Rais alisema lile jambo letu lipo, akaishia hapo. Namba ilitoka katikati ya Mei kwenye taarifa ya Ikulu na iliandikwa wazi kuwa ni kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000. Piga hesabu, 70,000 kwenye 300,000 ndio hiyo 23.3. Waliokuwa juu ya hapo walipangiwa kwa viwango vinavyoshuka kadiri mshahara unavyopanda. Kwahiyo hakuna aliyedanganywa, watu walisoma kichwa cha habari wakaacha habari.

#10 Sista wa Wodi Namba Tano
@Karani Mkuu sawa ni taarifa ya Ikulu. Lakini kaka, mimi mwajiri wangu si gazeti. Kati ya katikati ya Mei na Julai kuna muda wote ule, kuna katibu wa hospitali, kuna maafisa utumishi, kuna makundi ya WhatsApp ya kila idara ambayo tunatumiwa mpaka tangazo la funguo zilizopotea. Hakuna hata mmoja aliyekaa akatuambia jamani wewe wa daraja hili utapata kiasi hiki, usiende kukopa. Maelezo ya viwango tuliyapata mitandaoni baada ya watu kulalamika. Wangetuambia Juni tungenuna siku mbili tukasahau.

#11 Kichwa Maji
Dada hapo umenibana kidogo lakini bado ni hela. Mngepewa 23.3 wote kuna ambaye angeuliza habari ya mawasiliano?

#12 Fundi Umeme wa Moro
Mimi nina kisa kinachoenda kinyume na @Kichwa Maji. Nipo kiwanda fulani Morogoro. Mnakumbuka mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 kabla mashine za Bwawa la Nyerere hazijaanza kuwashwa. Jenereta letu linakunywa dizeli hatari. Ovataimu ikakatwa yote na ovataimu kwetu ndio inalipa kodi ya nyumba, kisheria ni mara moja na nusu ya saa ya kawaida sio mchezo. Kwahiyo hapo hela ilipungua kweli kweli.

Sasa meneja wa uzalishaji alichofanya, alikuja mwenyewe saa za kubadilishana shifti ili awakute wote wanaoingia na wanaotoka, akapanda juu ya krate la soda, ameshika risiti za dizeli mkononi. Akasoma moja moja, lita ngapi, bei gani, siku gani. Akasema ukiwasha jenereta kwa ovataimu kila gunia tunalotoa tunalitoa kwa hasara, nina njia mbili, kukata ovataimu au kupunguza watu, nimechagua ovataimu, kama kuna mwenye njia ya tatu aseme. Mzee mmoja wa boila akasema kwanini tusihamishe shifti ya usiku iendane na ratiba ya umeme ya TANESCO. Wakajaribu, ikasaidia kiasi. Watu walilalamika ndio, lakini simkumbuki aliyeacha kazi kipindi kile. Ile karatasi ya chai ya mtoa mada na zile risiti za dizeli ziweke pamoja utaona.

#13 Msafiri wa Mbagala
@Fundi Umeme hiki ndicho nilichokuwa natafuta maneno ya kukisema. Aliuliza mwenye njia ya tatu aseme. Na mtu akasema, na wakaifanya. Kwetu kuna sanduku la maoni limefungwa kufuli mpaka kufuli lina kutu.

#14 Bibie Nyota
Kila ofisi Tanzania ina hilo sanduku na ufunguo hajulikani yuko nao nani.

#15 Mzee wa Chang'ombe
Vijana nawasoma. Haya mambo yalishajadiliwa nchi hii kabla wengi wenu hamjazaliwa. Sisi tuliokuwa viwandani miaka ya sabini tulikuwa na mabaraza ya wafanyakazi. Meneja analetwa mbele ya baraza anaeleza mipango ya uzalishaji, mauzo, na mtu wa mashine ana haki ya kumuuliza. Ikaja Mwongozo wa TANU 1971, kifungu cha 15, kwamba ni mwiko kwa kiongozi kuwa na majivuno, kudharau na kuonea watu. Watu walikishika kile kifungu kwa moyo. Meneja akimtukana mtu kazi inasimama, wengine waliwafungia mameneja nje. Kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mwaka 1973 wafanyakazi walikichukua wakakiendesha wenyewe. Migomo mingi ya wakati ule chanzo hakikuwa mshahara, chanzo kilikuwa namna mtu anavyosemeshwa. Kwahiyo mtoa mada nakuunga mkono.

#16 Dogo Janja wa Mikocheni
Shikamoo mzee. Kumbe mabaraza yaliletwa na Mwongozo, sikujua.

#17 Mzee wa Chang'ombe
Marahaba. Hapana kijana, soma vizuri. Mabaraza yalitangulia, ni Agizo la Rais namba 1 la mwaka 1970. Mwongozo ulikuja mwaka uliofuata ukayapa nguvu ambayo waliyoyaanzisha hawakuitarajia. Na baada ya hapo serikali ikaona vijana wamezidisha, ikaanza kukaza.

#18 Karani Mkuu
Mzee asante kwa historia, ila tusiyapambe sana. Mabaraza mpaka leo yapo kwenye taasisi za umma, mimi nimekuwa mjumbe. Kikao cha bajeti unaletewa kitabu kizito asubuhi ileile, mchana mnapitisha, jioni posho. Akiuliza mtu swali gumu mwenyekiti ambaye ndiye bosi wenu wote anasema tutalijibu kwa maandishi. Baraza lipo lakini watu wa chini hawajui hata lilikaa lini, wajumbe tukirudi hatusemi.

#19 Sista wa Wodi Namba Tano
Wajumbe mkirudi hamsemi kwanini kaka? Mlichaguliwa mkatusemee na mrudi mtuambie. Hapo hata wewe upo kwenye mnyororo wa kuficha.

#20 Kichwa Maji
Eeh hapo sasa. Karani jibu hilo.

#21 Karani Mkuu
Hakuna muda uliotengwa wa kurudisha taarifa dada. Ukitaka kuitisha watu wa idara lazima uombe ruhusa kwa mkuu wa idara, na yeye anauliza kikao cha nini. Nasema hali ilivyo.

#22 Wakili wa Mtaani
Nimeona watu wanagusia kupunguzwa kazi, naomba niweke sheria maana watu wengi wanapoteza haki zao kwa kutojua. Tanzania bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38. Mwajiri akianza tu kufikiria kupunguza watu anatakiwa atoe notisi ya nia hiyo, atoe taarifa zote muhimu, halafu ashauriane na chama cha wafanyakazi kinachotambulika au wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama. Ashauriane kuhusu sababu, namna ya kuepuka, vigezo vya nani atoke, muda, na malipo. Mkishindwa kukubaliana suala linaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kwa usuluhishi. Kwahiyo @Afisa Watu hii ya kuitwa Alhamisi barua zitoke Ijumaa ni kuvunja sheria, kushirikishwa hakuachwi kwenye hisani ya bosi.

#23 Dogo Janja wa Mikocheni
Mkuu si unatakiwa upewe notisi ya mwezi mmoja kabla ya kupunguzwa? Na ulipwe mshahara wa mwezi kila mwaka uliofanya kazi? Mjomba wangu aliniambia hivyo.

#24 Mama Wanjiku wa Umoja
Huyo mjomba anachanganya na huku kwetu Kenya. Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 40 ndiyo inasema mwajiri amwandikie chama na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, aseme sababu na ni watu wangapi. Malipo ni angalau siku 15 kwa kila mwaka, si mwezi mzima. Na msidhani sheria inaponya kila kitu. Mahali nilifanya kazi tulipata hiyo notisi ya mwezi sawasawa, ikaja kwa barua pepe saa tano usiku, watu wakaisoma kwa matatu asubuhi. Kisheria walikuwa safi kabisa. Huo mwezi tulikaa ofisini kama watu wa matanga, mdosi anapita kwa ngazi ya nyuma asikutane na sisi. Sheria ilifuatwa na bado hatukuongeleshwa.

#25 Wakili wa Mtaani
@Dogo Janja, Mama Wanjiku kakujibu vizuri. Huku Tanzania notisi ya kusitisha ajira kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, kifungu cha 41. Hiyo inakuja baada ya mashauriano, haichukui nafasi yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kama umetimiza mwaka mmoja kazini. Mkataba wenu ukisema zaidi mnachukua zaidi. Na ukiona umeachishwa isivyo halali una siku 30 za kupeleka shauri CMA, watu wanakaa wanalalamika vijiweni miezi mitatu ndio wanakumbuka.

#26 Dogo Janja wa Mikocheni
Nimekupata mkuu, namwambia mjomba.

#27 Neema wa Usafi
Naomba niseme na mimi. Nasimamia wafanya usafi kwenye jengo moja mjini, tuko chini ya wakala. Nyie mnalalamika kuambiwa mwisho, sisi tunaambiwa kwa lugha ambayo wamama zangu hawasomi. Ratiba mpya, fomu za bima, utaratibu wa likizo, vyote Kiingereza. Mama wa miaka hamsini anasaini akiniuliza Neema hapa nimeandika nini. Siku moja walisaini kukubali kuhamishwa jengo, mmoja anakaa Chanika akapelekwa Tegeta, nauli tu inamaliza mshahara. Nilipouliza nikajibiwa si walisaini. Nchi yenyewe tangu 2021 imeamua lugha ya sheria ni Kiswahili, wakala wa usafi anashindwa nini kuandika ukurasa mmoja ambao mwenye kuusaini anauelewa. Mimi hapo sioni uoga wala hisa, naona dharau.

#28 Mzee wa Chang'ombe
Binti yangu umesema. Hilo neno dharau ndilo tulilogomea sisi.

#29 Afisa Watu
@Neema kifungu cha 15 cha hiyo sheria ya ajira ya 2004 aliyoitaja Wakili, mwajiri anatakiwa ampe mfanyakazi taarifa za ajira yake kwa maandishi na ahakikishe ameelezwa kwa namna anayoielewa. Waambie hivyo. Na kifungu cha 16, lazima abandike haki za wafanyakazi mahali panapoonekana. Hiyo ndiyo karatasi ya ukutani ambayo huwa haibandikwi.

#30 Kichwa Maji
Sawa naona mmenizunguka. Lakini jiulizeni, mbona kampuni za simu na benki zina vikao vya wafanyakazi wote, jarida la ndani, siku ya michezo, fulana za rangi moja, na bado watu wanahama kila mwaka? Mawasiliano yapo tele. Mtu anahama kwa laki tatu zaidi. Kama moyo ungetokana na kuambiwa mambo hao wasingehama.

#31 Mama Wanjiku wa Umoja
Hapo Kichwa Maji ana pointi, ila vikao hivyo nimekalia vingi. Mkurugenzi anaongea saa mbili, slaidi sitini, mwisho kuna maswali, na maswali yameshapewa watu wake jana. Kuongeleshwa na kusikilizwa ni mbali sana.

#32 Fundi Umeme wa Moro
Na kuna jambo la nani anasema. Huyo meneja wetu aliaminika kwasababu miaka yote akiahidi kitu anatekeleza, na makato ya NSSF tukiangalia yanakuwa yamepelekwa. Angekuja mtu ambaye mwezi uliopita kakata hela ya watu na haijafika mfuko, angesoma risiti mpaka jogoo awike hakuna ambaye angemuamini. Kwahiyo mimi naanza kudhani mtoa mada na Kichwa Maji wote mmepata nusu. Hela ikilipwa vizuri na kwa wakati ndio maneno yanasikika.

#33 Msafiri wa Mbagala
Fundi hapo sikubali moja kwa moja. Sisi tunalipwa tarehe 27 kila mwezi haijawahi kupita, NSSF iko vizuri, na bado ile karatasi ilituumiza. Hela kwa wakati inakufanya usiondoke leo, haikufanyi uipende kazi.

#34 Sista wa Wodi Namba Tano
Wasimamizi wa kati na nyie mjitazame. Wodini kwetu muuguzi mfawidhi anatoka kikao cha menejimenti na daftari limejaa, ukimuuliza anasema mtajulishwa. Habari ndio kitu pekee alichonacho ambacho sisi hatuna, akiitoa anajiona amebaki sawa na sisi. Hakuna sheria wala hela inayotibu hilo.

#35 Dogo Janja wa Mikocheni
Sista umemchoma bosi wako kama yupo humu 😂

#36 Sista wa Wodi Namba Tano
Akiwepo asome, mdomoni nimeshamwambia.

#37 Neema wa Usafi
Wakili samahani, wamama wangu wengine wamejiunga chama mwaka huu, kama 30 hivi. Wakala anasema tunaruhusiwa mwakilishi mmoja tu wa kuongea naye na amemchagua yeye mwenyewe, ni mtu wa stoo. Ni sahihi?

#38 Karani Mkuu
Si sahihi. Mnatakiwa wawakilishi 15.

#39 Wakili wa Mtaani
@Karani Mkuu 15 ni pale wanachama wanapozidi 100, na hapo ndipo wanapotakiwa wasiopungua watano wa kuwakilisha wanawake. Kinachohesabiwa ni wanachama wa chama, sio wafanyakazi wote. Kifungu cha 62 cha sheria ileile ya ajira, wanachama 1 mpaka 9 mwakilishi mmoja, 10 mpaka 20 watatu, 21 mpaka 100 kumi. @Neema kwa wanachama 30 mna haki ya wawakilishi kumi, na mwajiri hana mkono kwenye kuwachagua. Huyo wa stoo kama si mwanachama hawakilishi mtu. Andikeni barua kupitia katibu wa chama wa mkoa, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

#40 Neema wa Usafi
Asante sana. Barua naiandika kwa Kiswahili, kesho tukibadilishana zamu nawasomea wamama wote kwanza kabla sijaipeleka.